Majina Tuliyoyaandika kwa Zafarani

Binti wa kaka yangu ana miaka kumi na sita, naye ni mmoja wa vijana walioipenda hadithi moja ndefu ya kubuni, yenye falme, vita na viumbe wasioonekana, hadi hadithi yenyewe haiwatoshi tena. Yeye na wenzake, ambao wengi wao hajawahi kuonana nao ana kwa ana, hukutana kwenye simu kila siku kuchimba asili ya kila jina lililomo: mwandishi alilitoa wapi, lilikuwa na maana gani kabla hajalichukua, na ni nani waliowahi kuliogopa. Mwezi uliopita alinijia jikoni nikiwa nimeloweka zafarani katika kikombe kidogo cha marashi ya mawaridi kwa ajili ya wali wa wageni, akaniomba nimsomee ukurasa wa kitabu cha kale, chenye herufi za Kiarabu, aliotumiwa na mwenzake. “Shangazi, yasemekana wafalme wote wametoka humu.” Nilimkatalia. Nilimkatalia kwa ukali usiolingana na ombi lake, na nilipoona uso wake umesawijika nikatambua kwamba sikuwa namkemea yeye. Harufu ya kile kikombe ilikuwa imekwisha kunichukua, na mtu niliyekuwa nikimkemea alikuwa msichana wa miaka kumi, huko Changamwe.

Nimeishi kwa kukemea; ndiyo kazi yangu darasani na ndiyo tabia yangu nyumbani. Hata hivyo sikuwahi kuamini kwamba kubuni ni dhambi. Nimesoma hadithi nyingi kuliko watu wengi ninaowafahamu, na nimewasomesha wengine wazipende. Ninachokiogopa ni kitu kingine, na wale wa rika langu, waliolelewa nyumba za pwani wakati redio moja ilikusanya watoto wa milango mitano, huenda watanielewa bila maneno mengi.

Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi, safu ya vyumba vya mawe vilivyogawana ua mmoja, baba yangu akiwa karani wa bohari. Malori yalipita mchana kutwa, nguo zilizoanikwa zikaingia nyumbani na vumbi jeusi na harufu ya mafuta. Juu ya mapaa, upande wa nyuma, ulisimama mnara mwembamba wa kiwanda cha kusafishia mafuta, na kwenye ncha yake palikuwa na moto usiozimika. Mchana moto huo ulionekana kama kitambaa cha rangi ya chungwa kinachopepea. Jua likizama ulizipaka kuta zetu wekundu. Watu wazima walikuwa wameuzoea kiasi cha kutouona. Sisi tulikuwa hatuoni kingine.

Bibi, mamake baba, alihamia kwetu kutoka kisiwani alipofiwa na mumewe. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani cha wasichana, mwanamke mrefu asiyetabasamu bila sababu, na mkono wake wa kuandika ulisifiwa na watu waliokuwa hawajui hata kusoma. Mama yeyote wa mtaani akija na mtoto mwenye homa, Bibi alichovya kalamu ya mwanzi katika wino wa zafarani, akaandika aya na majina ya Mungu kwenye sahani nyeupe ya kauri, mstari chini ya mstari, hadi sahani ikajaa. Kisha aliiosha kwa marashi ya mawaridi, na yale maji ya manjano, yaani kombe, mtoto akanyweshwa. Alipomaliza alimwambia yule mama neno moja: “Sasa mpeleke kwa daktari.” Neno hilo la mwisho sisi watoto hatukulitia maanani. Tulichojifunza kwa kutazama ni kwamba jina likiandikwa vizuri linaweza kunywewa, na likinywewa linafanya kazi ndani ya mwili.

Tulikuwa watatu. Swafiya, binti wa shangazi yangu, alikuwa na miaka kumi na mitatu na aliletwa kwetu kwa ajili ya shule. Ndiye aliyekuwa mwanachuoni wetu. Kadzo alikuwa wa rika langu, wa mlango wa tatu, mtoto wa Kigiriama ambaye mamake aliuza viazi vya karai kwenye lango la mtaa. Kwao walikuwa Wakristo na redio yao ilikuwa imekufa siku nyingi, basi kila Ijumaa baada ya alasiri alikuja kwetu, akaketi kwenye jamvi, akatoa viazi vitatu katika karatasi iliyolowa mafuta, na sote tukasubiri ile sauti.

Mchezo wenyewe uliitwa Nchi ya Dahari. Ulikuwa wa mtu mmoja tu, mwenye sauti nzito, ambaye jina lake halikutajwa kamwe. Dahari ilikuwa nchi iliyo chini ya nchi hii; wafalme wanne waliitawala, Kaimuri wa Moto, Taluthi wa Chumvi, Zarhabu wa Upepo na Mihdani asiyekuwa na kitu chake mwenyewe ila vivuli vya wengine. Msichana mmoja, Nargisi, alikuwa ameshuka huko kumtafuta nduguye. Alivuka malango matatu, na mbele ya kila lango alilitia jina la mfalme kinywani mwake, akalimeza, na lango likafunguka. Ijumaa aliyofika lango la nne, la Mihdani, ile sauti ilinyamaza akiwa amesimama. Ijumaa iliyofuata tulipigiwa muziki. Iliyofuata, muziki tena. Hakuna aliyetueleza lolote, wala hatukumjua wa kumwuliza.

Mtoto aliyenyimwa mwisho wa hadithi hautafuti mwisho, hutafuta mlango. Swafiya alinunua daftari la kurasa arobaini akaanza kuandika kila alichokumbuka: nasaba za wafalme, mavazi yao, siku zao za juma, vyakula walivyovichukia. Palipokuwa na pengo alituuliza, na tukibishana alihukumu yeye. Siku moja, tukiwa tumeketi nyuma ya nyumba, aliunyoshea kidole ule mnara.

“Ule moto wachoma nini?”

“Gesi,” nikajibu, kwa kuwa baba aliwahi kuniambia.

“Gesi gani isiyokwisha? Jiko letu lamaliza mafuta ya taa kwa siku tatu.”

“Labda Kaimuri ana duka lake,” akasema Kadzo.

“Wewe Kadzo kila kitu kwako duka.”

“Kwetu kila kitu ni duka. Hata kitanda changu chauziwa viazi kikiwa hakina mtu.”

Tulicheka, lakini Swafiya hakucheka. Alitusomea kutoka daftarini: moto wa Kaimuri hauna usiku wala mchana, moto wa Kaimuri hauna kuni, moto wa Kaimuri huonekana na wote na hakuna anayeuliza. Akalifunga daftari. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba nimeinamisha kichwa, na jioni, ukuta ulipoanza kugeuka mwekundu, nilijifunika khanga ya mama nikawa nahesabu pumzi zangu hadi mtu anisemeshe.

Mambo yangeweza kuishia hapo, katika woga mtamu ambao watoto huutafuta kwa makusudi. Lakini Swafiya hakuridhika na alichokisikia redioni. Alitaka kujua yule mtu wa sauti nzito alikipata wapi. Siku Bibi alipokwenda maziko huko Kisauni, Swafiya alilivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda. Juu palikuwa na misahafu iliyofungwa kwa vitambaa. Hiyo tuliiondoa kwa heshima, tukaiweka kitandani. Chini kabisa palikuwa na kitabu kisicho na jalada, kilichoandikwa kwa mkono, chenye miraba iliyojaa herufi na tarakimu. Swafiya alikifunua taratibu, akisoma kwa kunong’ona kama tulivyofundishwa chuoni. Kisha kidole chake kikasimama juu ya mstari.

“Kaimuri,” akasema. “Yumo.”

Walikuwamo wote. Watatu walitofautiana na wa redioni kwa herufi moja moja. Wa nne, Mihdani, alikuwa vilevile. Nasaba zao zilikuwa ndefu kuliko za daftari letu. Leo najua kilichotokea, na hakina ajabu: mwandishi wa mchezo ule bila shaka alilelewa katika nyumba kama yetu, akafunua sanduku kama lile, akaazima majina kama waandishi waazimavyo. Siku ile sikujua kuazima. Nilijua tu kwamba hadithi tuliyodhani imeanzia redioni ilikuwa imelala chini ya kitanda cha nyanya yangu kabla yule msimuliaji hajazaliwa. Kama wafalme wamo katika sanduku moja na misahafu, basi wako. Nikatazama dirishani, na ule moto ulikuwa ukipepea.

“Nargisi alimeza majina,” Swafiya akasema. “Watu wote waliosikiliza walidhani ni maneno ya hadithi tu. Hawajui kunakomezwa jina ni kwenye kombe. Sisi twajua.”

Nafikiri mara nyingi juu ya kauli hiyo. Hakuna mtoto wa mji mwingine ambaye angeifikia. Alikuwa ameunganisha mchezo wa redio, kitabu cha kale na desturi ya nyumba yetu, na kiungo chake hakikuwa na kasoro ila moja: alichukua dua ya Bibi akadhani ni ufunguo.

Ijumaa iliyofuata, Bibi alipokuwa msikitini upande wa wanawake, tulifunga mlango wa chumba chake. Swafiya alichovya kalamu akaandika majina manne kwenye sahani, kwa mwandiko mzuri kuliko aliowahi kuandika chuoni, akayazungushia miraba. Aliyaosha kwa marashi, akayamimina maji yake katika glasi tatu ndogo, na kilichobaki akakitia katika chupa ya soda kwa ajili ya Ijumaa nyingine. Kisha alitutaka tuweke mikono juu ya daftari. Atakayetoa siri ya lango, ulimi wake utakuwa jiwe. Hayo pia yalitoka Dahari.

“Mfalme akikuuliza dini yako, utamwambia nini?” nilimuuliza Kadzo. Nilikuwa nafanya mzaha kwa sababu meno yangu yalikuwa yakigongana.

“Nitamwambia amngoje mama amalize viazi, aje ajibu yeye.”

Swafiya alikunywa kwanza, akafumba macho. Zamu yangu ikaja. Niliinua glasi, nikanusa ile harufu iliyokuwa ya wagonjwa na ya ibada, na mkono ukagoma. Swafiya alikuwa bado amefumba macho. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijalifuta kwa miaka yote ya kuwakemea watoto wa wengine. Nilimnong’oneza Kadzo: “Ninywee na yangu. Majina haya ni ya Kiislamu, wewe hayakuhusu. Hayatakudhuru.”

Alinitazama kidogo tu. Hakuwa mjinga, alikuwa rafiki.

“Lete,” akasema. “Mie sina neno.”

Akanywa yake, akanywa na yangu. Swafiya alipofumbua macho glasi zote zilikuwa tupu. Tulikaa tukingoja lango. Lilipiga honi lori moja barabarani, na Kadzo akacheua.

Jumapili Kadzo hakwenda kanisani. Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne jioni mama alinituma kwao na bakuli la uji, na nilipokaribia mlango nikasikia sauti niliyoijua ikisema jambo nisilotaka kulisikia.

“Funga, funga, Kaimuri anaingia. Funga dirisha.”

Kadzo alikuwa juu ya mkeka, macho wazi lakini hayamwoni mtu. Ukuta nyuma yake ulikuwa mwekundu. Mamake alikuwa akimkanda kwa kitambaa chenye maji, na majirani wawili wamesimama.

“Tangu jana ayataja,” Mama Kadzo akasema. “Kaimuri, Mihdani, sijui nani. Sisi kwetu hatuna mtu wa majina hayo.”

“Hayo ni majini ya Kiarabu,” akasema jirani mmoja. “Wewe wakaa na watu hawa, mtoto kutwa yuko ndani ya nyumba zao, wategemea nini?”

Mama Kadzo alinitazama nikiwa na bakuli langu. Hakuwa na hasira, na hilo liliniogofya zaidi. “Mwanangu, wewe ni mwenzake. Wayajua majina haya?”

Nikatikisa kichwa. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe kweli, na nikaamini kwamba kiapo kimeanza kazi.

Nikimbilie kusema, kwa ajili ya wanaosoma, kwamba mbu aliyemuuma Kadzo alikwisha kumuuma wiki mbili kabla hatujafungua sanduku lolote. Homa ya malaria ilikuwa imempanda kichwani, na kichwa hicho kilikuwa kimejaa Dahari, basi kikaitoa Dahari. Lakini mimi nilikuwa na hesabu nyingine. Swafiya alikunywa glasi moja na alikuwa mzima, akila, akisuka nywele. Kadzo alikunywa mbili. Ile ya pili ilikuwa yangu. Kwa hiyo kilichokuwa kikimla Kadzo kilikuwa kimetumwa kwangu, nami nilikikwepa kikampata yeye.

Nilimwendea Swafiya nikamwambia tuseme.

“Ukisema, watajua sisi tumempa,” akajibu. “Watasema nyumba ya Bibi yaroga watoto wa watu. Bibi atakufa kwa aibu. Wamtaka Bibi afe?”

“Na Kadzo je?”

Alikuwa amelikumbatia daftari, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba yeye pia alikuwa mtoto.

Asubuhi ya Jumatano, kabla ya shule, mjomba wake Kadzo alifika na pikapu yenye majani ya kabichi bado nyuma. Walikuwa wakimpeleka Kaloleni, kwa mganga mwenye kuyajua majini ya pwani. Ngoma ingechezwa siku saba. Nilisikia neno siku saba nikiwa mlangoni na sare yangu ya shule. Nilimwona Kadzo akibebwa na shuka, mkono umening’inia. Hata mtoto wa miaka kumi anaweza kuutazama mkono na kujua kwamba hauna siku saba.

Bibi alikuwa uani akichambua mchele kwenye ungo.

“Bibi.”

“Naam. Mbona hujaenda shule?”

Nilimwambia. Sijui nilianza wapi. Najua niliyasema yote kwa pumzi moja, redio, sanduku, zafarani, chupa ya soda, nikingoja ulimi ugande katikati. Bibi aliuweka ungo chini. Hakunipiga wala hakupaza sauti.

“Nani alikunywa?”

“Sote,” nikasema.

Hata pale. Hata na mkono ule nikiwa nimeuona. Bibi aliingia ndani, akatoka na buibui begani na ile chupa ya soda mkononi, akatembea mbele yangu hadi kwenye pikapu. Nilikuwa sijawahi kumwona akitoka nje bila kujifunika sawasawa.

“Mama Kadzo, subiri,” akasema. “Majina hayo yametoka nyumbani kwangu. Watoto wameyatoa redioni, wakayatia kwenye kombe wakanywa. Kosa ni langu, sanduku ni langu.”

Kisha yule mjomba akasema, “Basi mwakiri. Mmemtilia mtoto majini tumboni.” Na mamake Kadzo, ambaye kwa miaka minne alikuwa akimpelekea Bibi viazi vya kwanza vya kila siku, alishika mdomo akarudi nyuma hatua moja.

Nilielewa kwamba nimeharibu. Kweli niliyoileta ilikuwa imewathibitishia kila walichokiogopa. Mjomba alikuwa amekwisha kushika mlango wa gari.

Bibi alifungua chupa. “Sikilizeni. Kilichobaki ni hiki. Kama majina haya yana wenyewe, na wenyewe wadai, basi watanidai mie. Mtoto mumtoe kwenye deni hilo. Na mumpeleke hospitali, sasa hivi, si kesho.” Akasema Bismillahi, akainua chupa ile ya manjano mbele ya mtaa mzima, akanywa hadi tone la mwisho. Kisha aliishika ndani ya ngumi, chini, kando ya mwili wake.

“Geuza gari,” Mama Kadzo akamwambia nduguye.

“Dada, huyu mzee...”

“Nimesema geuza. Hospitali.”

Pikapu ilipoondoka watu walitupisha njia. Walitupisha kama wanaopisha maiti, na wengi wao hawakumsogelea Bibi tena hadi tulipohama mtaa ule. Katika mwezi huo wanafunzi wake kumi na mmoja wa chuo waliondolewa. Hapakuja tena mama na mtoto mwenye homa. Habari iliyobaki mtaani haikuwa ya mwanamke aliyemtoa mtoto kwenye mauti, bali ya mwalimu wa Kurani aliyekunywa majini.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Asubuhi ile Bibi alirudi chumbani, akaoga, akasali rakaa nyingi kuliko nilizoweza kuhesabu, kisha akajilaza chali, mikono kifuani. Akaniita.

“Abee, Bibi.”

“Keti hapa. Nitazame. Ukiniona nabadilika, sauti au macho, usiniguse. Toka, ufunge mlango, umwite babako.”

Nadhani hofu zote nilizokuwa nazo kabla ya hapo, za moto, za kiapo, za jiwe mdomoni, zilikuwa hofu za mtoto aliyejua kwamba nyuma yake kuna mtu mzima asiyeogopa. Sasa mtu huyo alikuwa amelala mbele yangu naye alikuwa akiogopa. Hakuwa amekunywa ili kuonyesha kwamba majina ni upepo. Hakujua kama ni upepo. Alikuwa mwanamke wa sanduku lile, na alikunywa akiamini kwamba huenda yakaja kweli, na yakija yatampata yeye na si mtoto wa jirani. Nilimtazama asubuhi nzima. Kila alipopepesa jicho nilikamata ukingo wa kitanda. Alipokohoa niliruka hadi mlangoni, nikarudi. Adhuhuri ilipoadhiniwa aliitikia adhana kwa sauti yake ileile, na mimi nikaanza kulia, na nikilia nikasema.

“Bibi, mie sikunywa. Nilimpa Kadzo yangu.”

Hakuyatoa macho darini.

“Kwa nini waniambia mie?” akasema. “Mie nimekunywa kwa hiari yangu. Kamwambie aliyekunywa kwa ajili yako.”

Alinipeleka mwenyewe, siku ya tano, Kadzo alipokuwa ameanza kukaa. Wodi ilikuwa na vitanda pande mbili na harufu ya dawa ya sakafu. Mama Kadzo alimshika Bibi mkono kwa mikono yake miwili, wakatoka pamoja hadi kwenye ubaraza, wakituacha. Kadzo alikuwa amekonda, shingo kama ya ndege, na pamba masikioni. Alipoona ni mimi alicheka.

“Dawa ya kwinini yaniziba masikio,” akasema kwa sauti kubwa mno, akigonga sikio. “Nyuki wanilia humu. Daktari amesema wataisha kwa wiki moja. Wewe sema tu.”

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu kama tulivyojifunza sura chuoni, na niliyasema yote, kwa mpangilio, bila kuruka neno: kwamba niliogopa, kwamba nilijua kuna hatari, kwamba nilimdanganya kuwa hayamhusu, kwamba nilikuwa tayari aumie badala yangu. Niliyasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa kitanda cha pili kilikuwa na mtu.

Kadzo alikuwa akinitazama mdomo, ameukunja uso kwa juhudi. Alichomoa pamba ya sikio moja, akanisogezea kichwa hadi nywele zake zikanigusa shavu.

“Sikusikia,” akasema. “Rudia.”

“Nimesema upone upesi,” nikamwambia.